Panya Wako Mpya Akipumua kwa Shida: Hatua kwa Hatua, kwa Wafugaji wa Mombasa

Hazipiti siku nyingi kabla sijaulizwa moja ya haya. "Nimemleta juzi, mbona anapiga chafya?" "Anatoka damu puani, atakufa?" "Anakoroma kama mtu mwenye mafua, nimpe dawa gani?" Mara nyingi swali huja saa tano au saa sita za usiku, pamoja na video fupi ya tundu gizani, feni ikivuma juu yake hata sauti ya panya mwenyewe haisikiki. Nimeona bora niyaandike majibu yote pamoja, uyasome mchana, panya akiwa mzima.

Panya ninayemzungumzia ni wa kufugwa, mweupe, mweusi au wa mabaka, aliyezaliwa tunduni. Panya wa darini na wa mtaroni usimchukue hata akiwa kitoto, kwa sababu mkojo wake huweza kubeba vimelea vya homa inayoharibu ini na figo za binadamu. Panya buku naye, kama wale wanaofunzwa kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni mnyama mwingine, na hesabu nitakazotoa hapa si zake.

Panya wangu wa kwanza aliitwa Karafuu. Alifika nyumbani akipiga chafya, nikaambiwa ni vumbi la safari, nikaamini. Wiki ya pili kifua chake kikaanza sauti kama ya karatasi inayokunjwa. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa amoksilini ya maji ya watoto, nikampa siku sita. Chafya zilipungua kidogo nikafurahi. Siku ya saba alfajiri, adhana haijaisha, nilimkuta amenyoosha shingo juu, anavuta hewa kwa mdomo. Hakufika kwa daktari. Kila ninalolisema hapa nimelijua baada yake.

Machache ya kujua kwanza

Karibu kila panya wa kufugwa amebeba bakteria aitwaye maikoplazma. Humpata kwa mama yake, tangu tumboni au siku za kunyonya, na anaweza kukaa naye miezi mingi bila dalili yoyote. Mwili ukisumbuliwa na safari, nyumba ngeni, moshi, joto au harufu kali ya mkojo, bakteria hupata nafasi. Ndiyo maana wengi huanza kuugua wiki zilezile za mwanzo ulizomchukua kwa furaha.

Bakteria huyu hana ukuta wa seli. Amoksilini na ndugu zake wa jamii ya penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ukuta huo. Kwa hiyo Karafuu nilimpa dawa isiyokuwa na pa kushika. Dawa zinazomfikia zipo, nitazitaja, lakini hata hizo humtuliza tu. Panya ataishi naye maisha yake yote, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili hadi mitatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari hukaa kando ya tundu, na kila mtu nyumbani anaweza kuandika.
- Simu yenye kamera na saa ya sekunde.
- Sirinji mbili tatu za mililita 1, bila sindano.
- Tundu dogo au kikapu chenye kifuniko na matundu ya hewa, cha safari.
- Vipande vya blanketi laini la mtumba. Kongowea utapata kwa bei ndogo. Vifue kwa sabuni isiyo na manukato.
- Chupa mbili za plastiki za maji, zigandishwe kwenye friza.
- Namba ya daktari wa mifugo aliyekubali kutibu panya. Hiki kitafute cha kwanza, hata kabla ya tundu.

Kuhusu daktari: wengi hapa kwetu wamezoea mbwa, paka, mbuzi na punda. Piga simu uulize waziwazi, "Daktari, unatibu wanyama wadogo kama sungura na panya? Una dawa ya maikoplazma? Usiku mwapatikana?" Hakikisha ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Akikucheka, mshukuru ukate simu, umpigie mwingine. Tafuta wawili, mmoja kisiwani na mmoja upande wako, kwa sababu mkaazi wa Likoni akiwa na dharura saa za msongamano wa feri, daktari wa Nyali ni kama yuko Nairobi.

Hatua ya 1: Tengeneza hewa kabla hajafika

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya matatizo ninayoletewa yanaanzia hapa.

Moshi kwanza. Nyumba zetu zina udi na ubani, na Alhamisi jioni chetezo huzungushwa mpaka uvunguni. Sikwambii uache. Nakwambia chumba cha panya kisiingie chetezo, mlango wake ufungwe unapofukiza, na madirisha yafunguliwe hadi moshi uishe ndipo mlango huo ufunguliwe. Dawa ya mbu ya kuchoma ni mbaya zaidi, kwa sababu huwaka usiku kucha karibu na sakafu, palepale panya anapovuta hewa. Lala ndani ya chandarua badala yake. Jiko la makaa, jiko la mafuta ya taa, marashi ya kupuliza na pilipili inayokaangwa, vyote viwe mbali naye. Mapafu ya panya hayazidi sana ukubwa wa zabibu, na moshi unaokukereketa wewe koo kidogo, yeye humjaa.

Matandiko. Wengi huenda kwa seremala kuomba maranda kwa sababu ni ya bure. Mbao nyingi za mafundi wetu ni saipresi na paini, na mafuta yanayozipa ile harufu nzuri huchoma njia za hewa. Nyingine zimepakwa dawa ya mchwa. Machujo laini ya msumeno ni mabaya zaidi kwa vumbi. Makumbi ya nazi na pumba za mpunga nimevijaribu, nikaviacha: vina vumbi, na kwa unyevu wa pwani hushika ukungu haraka. Tumia blanketi la mtumba, karatasi zilizochanwachanwa zisizo na wino mwingi, na maboksi.

Mkojo. Mkojo wa panya ukikaa hutoa hewa ya amonia, nayo hukwangua ngozi laini ya ndani ya pua na mapafu, maikoplazma akapata njia. Kipimo changu ni hiki: piga magoti, weka pua yako usawa wa sakafu ya tundu, vuta hewa. Ukihisi kuchomwa, panya wako amechomwa tangu jana. Badilisha vitambaa kila siku mbili au tatu, osha tundu zima mara moja kwa wiki kwa maji ya moto na siki kidogo. Usimwage dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya mkojo, maana viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya sumu, kwako na kwake.

Tundu liwe la nyavu za chuma, hewa ipite. Tangi la kioo la samaki hugeuka oveni.

Joto. Panya hatoki jasho kama sisi, wala hawezi kutweta akapoa kama mbwa. Joto hulitoa hasa kwa mkia. Nyuzi zikipita 30 huanza kuteseka, na miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, chumba cha juu chenye paa la mabati hufika hapo kabla ya adhuhuri. Weka tundu chini, upande usiopigwa na jua la mchana. Feni ielekezwe ukutani, isimpige usoni. Stima ikipotea, zile chupa zilizogandishwa zifunge kwa kitambaa uziweke tunduni ajilaze kando yake.

Hatua ya 2: Mtenge na wenzake

Kama una panya wengine, mgeni akae chumba kingine wiki mbili hadi tatu. Chumba kingine maana yake hewa nyingine. Tundu mbili zilizotenganishwa na pazia ni chumba kimoja. Hudumia wenyeji kwanza, kisha mgeni, kisha ukanawe mikono na kubadilisha shati. Ukiwachukua wawili kutoka mahali pamoja, na ningependa uchukue wawili kwa sababu panya peke yake hunyong'onyea, waache pamoja.

Hatua ya 3: Ijue pumzi yake akiwa mzima

Ukifanya hatua hii moja tu katika zote, utakuwa umemsaidia. Panya ni windo la kila mnyama, hivyo huficha udhaifu wake hadi siku asiyoweza tena kuuficha. Hutajua kwamba pumzi imebadilika kama hukuijua kabla haijabadilika.

Msubiri alale. Tazama ubavu wake unavyopanda na kushuka. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Panya mzima aliyetulia huvuta pumzi takriban 70 hadi 115 kwa dakika, yaani kati ya 18 na 29 kwa sekunde 15. Ni haraka, macho hupotea. Mpige video ya sekunde 15, kisha uicheze kwa mwendo wa nusu ukihesabu kwa utulivu. Usihesabu akitoka kucheza au akiwa mkononi mwako anaogopa. Hesabu hiyo itakutisha bure.

Kisha msikilize. Zima feni, zima televisheni, mpakate kifuani, weka sikio lako ubavuni mwake. Panya mzima hana sauti, au unasikia moyo tu, mbio mbio. Rudia kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, saa ileile. Andika pumzi, uzito, idadi ya chafya ulizosikia katika dakika kumi, na kama alikula. Baada ya hapo mara mbili kwa wiki inatosha.

Mfano wa ukurasa wa daftari langu, wa panya wangu Iliki: "Jumatatu. Pumzi 88. Gramu 241. Chafya 6. Amekula yote." Siku kumi baadaye: "Pumzi 92. Gramu 249. Chafya 1." Hapo huhitaji mtu wa kukwambia anaendeleaje.

Hatua ya 4: Tofautisha dalili

*Chafya.* Panya mgeni hupiga chafya siku za mwanzo kwa sababu pua yake imekutana na vumbi na harufu ngeni. Chafya hizo ni kavu, zinapungua siku hadi siku, naye anakula na kurukaruka. Zikiendelea kupita wiki mbili, zikiongezeka badala ya kupungua, au zikiwa na majimaji, si ugeni tena.

*"Damu" puani na machoni.* Majimaji mekundu hayo kwa kawaida si damu. Ni pofirini, rangi inayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho. Mpanguse kwa tishu nyeupe yenye maji, kisha ipeleke tishu ile dukani kwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia: pofirini hung'aa waridi, damu haing'ai. Kidogo anapoamka si kitu. Nyingi, kila siku, au iliyoganda kuzunguka macho, ni ishara kwamba anaumwa au ana msongo. Itakusukuma uangalie mengine, haitoshi peke yake kusema ana nini.

*Sauti.* Kuna panya wanaotoa mlio mdogo wa pua wakifurahi au wakinusa jambo jipya. Sauti ya ugonjwa haikomi akilala: mkwaruzo, filimbi, au sauti kama ya karatasi inayokunjwa, na utaisikia zaidi ubavuni kuliko puani.

*Mwili.* Manyoya yamesimama, mgongo umeinama kama mpira, macho nusu yamefumba, anakaa pembeni wenzake wakicheza. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa na tumbo linapiga. Kichwa kinatikisika kwa kila pumzi. Hii ya kichwa watu huiona wakadhani anasinzia.

Hatua ya 5: Amua kwa saa, usiamue kwa matumaini

*Subiri, ukiandika:* chafya kavu ndani ya wiki mbili za kwanza, pumzi ni ileile uliyoizoea, anakula, uzito haushuki.

*Mwone daktari leo au kesho asubuhi:* sauti kifuani akiwa ametulia, chafya zenye majimaji, pofirini ya kila siku, pumzi iliyopanda na kubaki juu akiwa amelala, kupungua uzito, au kukataa chakula anachokipenda. Usisubiri "tuone wikendi itakuwaje". Mimi nilisubiri.

*Ondoka sasa hivi:* anavuta hewa kwa mdomo, shingo imenyooka juu, mbavu zinazama, masikio, miguu au mkia umekuwa wa buluu au mweupe kama karatasi, amelegea mkononi. Panya hupumua kwa pua. Ukimwona amefungua mdomo kutafuta hewa, pua na mapafu vimeshashindwa, na kilichobaki ni muda mfupi. Piga simu ukiwa njiani.

Kosa ninaloliona mara nyingi hapa ni kumlazimisha maji au uji "apate nguvu". Anayetafuta hewa hawezi kumeza, yatakwenda mapafuni. Kosa la pili ni kumfukiza kwa beseni la maji ya moto na karafuu au mafuta ya mkaratusi kama tunavyofanya watoto wakiwa na mafua. Kwa joto letu atachemka, na mafuta yale huchoma zaidi.

Hatua ya 6: Safari

Kikapu, kitambaa chini, chupa baridi iliyofungwa upande mmoja ili aweze kuisogelea au kuikimbia. Funika nusu ya kikapu, giza humtuliza. Kama wako wawili, wapeleke wote wawili.

Chukua tuktuk badala ya bodaboda, kwa sababu ya upepo na vumbi. Matatu yenye muziki mkubwa humtisha akapumua mbio zaidi. Ukivuka Likoni, kaa mbali na moshi wa magari yanayongoja kushuka, kwenye upepo wa bahari lakini si juani. Usimtoe kuwaonyesha abiria, hata wakikuomba kwa upole.

Beba daftari na video zako. Panya akifika kwa daktari, woga humfanya afiche kila kitu, na daktari ataona mnyama aliyenyamaza tu. Video ya saa nane za usiku itasema zaidi.

Hatua ya 7: Dawa

Daktari ndiye atakayechagua na kupima. Mara nyingi utasikia doksisaiklini, enrofloksasini, azithromaisini, au mbili kwa pamoja. Enrofloksasini huweza kudhuru mifupa laini ya mnyama anayekua, kwa hiyo mwambie umri wa panya wako kadiri unavyoujua. Kipimo hufuata uzito, ndiyo sababu ya mizani.

Usinunue dawa ya unga ya kuku kwa agroveti ukaitia kwenye maji yake. Mtu ananiambia, "Lakini pakiti imeandikwa doksisaiklini!" Ni kweli imeandikwa. Kipimo chake ni cha lita za maji kwa banda zima, na panya mgonjwa hunywa maji kidogo, ladha ikiwa chungu hanywi kabisa. Mwisho wake hupati kipimo, na bakteria anazoea dawa.

Namna ya kumpa:

1. Vuta dawa kwenye sirinji kama ulivyoandikiwa.
2. Ikiwa daktari hajakataza, ichanganye na ndizi mbivu iliyopondwa, kiasi cha ncha ya kijiko, ili amalize yote. Kama dawa ni doksisaiklini, usiichanganye na maziwa wala mtindi, na usimpe vitu hivyo karibu na saa ya dawa: kalsiamu huishika dawa isiingie mwilini.
3. Akikataa, mfunge kwa kitambaa kama sambusa, kichwa nje. Ingiza ncha ya sirinji pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, sukuma tone kwa tone, ukingoja ameze.
4. Andika saa. Dawa ya mara mbili kwa siku ni kila saa 12: baada ya alfajiri na baada ya magharibi ni rahisi kukumbuka.

Matibabu huenda wiki kadhaa. Siku ya tano atachangamka na utajaribiwa kuacha. Maliza.

Watoto wa jirani wenye pumu huenda wana nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta, na wapo wafugaji wanaoitumia kwa panya pamoja na maji ya chumvi ya hospitali. Inasaidia, kwa maelekezo ya daktari. Usitie dawa ya mtoto ndani yake kwa kukisia, na usirudishe kwa mtoto kifaa kilichotumiwa na panya.

Hatua ya 8: Kumuuguza nyumbani

Tundu la sakafu moja, asipande ngazi. Chakula na maji karibu na anapolala. Maji yawe ya kunywa, yale ya visima vyetu yana chumvi. Mpe vilaini: uji mwepesi uliopoa, yai la kuchemsha lililopondwa, papai, tikiti. Mpime kila siku saa ileile. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, mathalani kutoka gramu 300 hadi 270, mpigie daktari usingoje tarehe aliyokupa. Na wewe ukiwa na mafua au kikohozi, usimbusu wala usimpumulie usoni. Kuna bakteria wa nimonia ambao binadamu na panya hugawana.

Ukikwama

*Anatoa mate, anakwangua mdomo, kidevu amekibana kifuani.* Huyo huenda amesakamwa. Panya hawezi kutapika, na donge la ugali mkavu au siagi ya karanga likinasa humtesa sana. Ondoa chakula na maji, mwache atulie, kaa naye. Wengi huliachilia wenyewe baada ya muda. Usimmiminie maji. Akianza kuvuta hewa kwa mdomo au kubadilika rangi, ni Hatua ya 5, sasa hivi. Akishapona, ugali mpe laini na vipande vidogo.

*Ni mchana wa Februari, amelala chali au kifudifudi, anapumua mbio, mkia na masikio ni ya moto.* Hilo ni joto, si lazima mapafu. Mpeleke penye ubaridi, lowesha miguu na mkia kwa maji ya kawaida ya bomba, si ya barafu. Baridi ya ghafla ni mshtuko mwingine. Mpe maji akiweza kunywa mwenyewe. Hata akizinduka, mwone daktari siku hiyohiyo.

*Amemaliza dawa, baada ya mwezi sauti imerudi.* Hujakosea, na dawa haikuwa bandia. Maikoplazma hurudi. Rudi kwa daktari na daftari, kisha upitie Hatua ya 1 upya kama mtu mgeni: nini kimebadilika mwezi huu? Mara moja kwangu ilikuwa ukuta wa chumba cha pili uliopakwa rangi. Mara nyingine mvua za Mei, madirisha yamefungwa siku nne, tundu limekuwa na unyevu na harufu.

*Daktari hapatikani hadi asubuhi.* Giza, utulivu, hewa baridi inayopita, mwili umeinuliwa kidogo mbele kwa kitambaa kilichokunjwa chini ya kifua. Chupa baridi karibu. Usimshikeshike. Hesabu pumzi kila nusu saa uandike, kisha endelea kupiga simu. Anza na wa pili kwenye orodha, na umuulize kama anamjua wa tatu.

*Ni mzee wa miaka miwili, dawa zote zimejaribiwa, kila pumzi ni kazi.* Muulize daktari kama moyo umechangia, maana kwa panya wazee hutokea na dawa zake ni nyingine. Kama jibu ni kwamba hakuna zaidi, muombe amlaze usingizi wa mwisho kwa sindano. Kufa kwa kukosa hewa nimekuona, sitaki umwachie panya wako.

*Amekufa, mwenzake amebaki.* Mwache amnuse mwenzake dakika chache, ataelewa kuliko ukimwondoa ghafla. Kisha mzike mbali na kisima, fua vitambaa vyote, osha tundu. Na usiku huohuo, hata kama hujisikii, mhesabie pumzi aliyebaki. Walikuwa na hewa moja na bakteria mmoja.